Mama Mkwe na Keki ya Ghorofa Sita

Nimewahi kumwona mama mzima, kavaa kapendeza, anatafuna povu la boksi la televisheni mbele ya watu mia tatu.

Akaulizwa kwenye kipaza sauti, "Mama, tamu?"

Akajibu, "Tamu sana!"

Lile povu nililipamba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Kaa nikusimulie, maana mpaka leo nikikumbuka sijui nicheke au nijizabe kofi.

Mtaani wananiita Plasta. Kabla ya keki nilikuwa fundi wa kupiga plasta, miaka kumi na moja. Kwenye ukuta wangu ulikuwa unapitisha kiganja kinateleza tu, hukuti kipele. Halafu kifua kikaanza kunibana. Daktari akanipiga picha, akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Ukiendelea kuvuta vumbi la saruji, usije kwangu kulia."

Nikawa nashinda nyumbani namtazama mke wangu akioka keki za watu.

Kuoka anajua, hilo simnyimi. Lakini kupamba! Samahani mke wangu, zile keki zilikuwa kama zimeangukia njiani zikaokotwa. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamnyang'anya kisu, nikailainisha ile ngozi ya sukari wanayofunikia keki, fondanti. Akasimama ananiangalia, mikono kiunoni.

"Kumbe una faida," akasema.

Tangu siku hiyo yeye anaoka, mimi napamba.

Sasa, kulikuwa na ukumbi mmoja mkubwa wa sherehe. Meneja wake alikuwa anatafuta fundi keki wa kufanya naye kazi mwaka mzima. Hakutuzungusha. "Kuna harusi mwezi ujao, keki tengenezeni ninyi. Mimi nitakuwepo naangalia. Ikitoka vizuri, kazi yenu. Ikiharibika, tusijuane."

Unaelewa hapo? Tukiukosa ule ukumbi, mimi narudi kwenye saruji. Na kwa kifua hiki, nikirudi sitoki mzima.

Mwenye oda alikuwa mama yake bwana harusi. Mimi nilimbatiza Mama Sita, kwa sababu aliingia jikoni kwetu na kabla hata hajakaa akasema, "Nataka ghorofa sita."

"Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Sita. Na kila ghorofa na ladha yake. Wakwe nimeshawaambia."

Nikamweleza kwa upole wote niliokuwa nao siku hiyo. Ukumbi una joto. Keki laini ukiibebesha ghorofa tano juu yake, inapasuka, mnara wote unalala sakafuni. Kwa hiyo sisi mafundi tuna njia yetu. Mnara tunautengeneza kwa povu gumu jeupe, lile linalokuja kwenye boksi la televisheni mpya. Tunalivisha fondanti, tunalipamba. Ghorofa ya chini tunaikata kama dirisha, tunachomeka kipande cha keki ya kweli, na hapo ndipo maharusi wanapokata. Wageni nao wanakula keki ya kweli iliyookwa kwenye trei, inakatwa kule nyuma jikoni. Hakuna anayeibiwa.

Mama Sita akafikiri.

"Sawa. Ila mtu yeyote akijua ni povu..." Hakumalizia. Akapitisha kidole shingoni mwake.

Jamani, yale yaliyofuata! Wiki tatu mfululizo yule mama alinifanya nijute kuzaliwa na mikono.

Kwanza zambarau. Nikampelekea. "Hii inang'aa mno, nataka zambarau iliyotulia." Nikaituliza. "Mbona imekufa?" Nikaifufua. Akasema aliyoipenda ni ile ya kwanza, kwa nini nimeitupa!

Lulu zikawa chache. Zikaongezwa, zikawa nyingi. Maua yakawa madogo, "wakwe wataniona bahili." Yakawa makubwa, "wakwe wataniona mshamba." Nikioga, simu. Nikila, simu. Nilifika mahali nikisikia mlio wowote naruka, hata kengele ya baiskeli.

"Vumilia," mke wangu akasema. "Ukumbi, baba. Fikiria ukumbi."

Nikawa naufikiria ukumbi huku meno nimeyauma.

Katikati ya vurugu hiyo akaja binti mmoja mpole, pochi kaishika kwa mikono miwili. Akakaa kwenye stuli karibu na meza.

"Mimi ndiye bibi harusi," akasema. "Samahani kaka, nilikuwa nauliza. Haiwezekani ikawa ghorofa moja tu? Nyeupe, ya limau. Nataka keki ambayo na mimi nitaila."

Kabla sijafungua mdomo, simu. Nani? Mama Sita, lulu tena.

Nikamwinulia binti mkono. "Subiri kidogo, bibi harusi. Naongea na mwenye keki."

Niliongea na mwenye keki dakika ishirini. Nilipokata simu, stuli ilikuwa tupu.

"Ameondoka," mke wangu akasema. "Alikuaga, hukumsikia."

"Angesubiri basi," nikasema, nikarudi kwenye lulu zangu. Sikumpigia. Moyoni nilimwona kama mtu mwingine tu anayetaka kunivurugia kazi.

Siku ya harusi ikafika. Asubuhi nikaupandisha mnara ukumbini, ghorofa moja moja, mpaka ukasimama. Sijisifu, ila ile keki ilitisha. Wafagiaji waliacha mafagio wakaja kuiangalia. Hata kiungo cha lile dirisha nilikilainisha mpaka kikapotea kabisa. Ili maharusi wasikosee, nikabandika ua moja jekundu juu ya kile kipande cha keki ya kweli. Mengine yote yalikuwa zambarau.

Mama Sita akafika na nywele za saluni. Hakuona kingine.

"Hilo jekundu la nini? Linaniharibia rangi zangu!"

"Mama, hapo ndipo penye keki. Likitoka hilo, hakuna anayejua pa kukata."

Akasonya, akaenda kugombana na wapambaji wa viti.

Baadaye bibi harusi akapita kupigwa picha. Nikamwonyesha na yeye. "Mtakata hapa, penye jekundu. Kwingine kote ni povu."

Akaliangalia lile ua.

"Kwa hiyo keki yangu ni upana wa kiganja."

"Ndiyo, bibi harusi. Lakini kwenye picha itaonekana kubwa."

"Asante, fundi," akasema. Akatabasamu kidogo, na mimi nikaenda zangu jikoni kumsaidia mke wangu na trei.

Narudi ukumbini saa nane mchana, watu wamejaa. Wapiga picha wameizungusha meza ili wapate mwanga wa dirishani.

Na ua jekundu halipo.

Nikaizunguka keki mara moja. Nikaizunguka mara ya pili, nimeinama kama nimeangusha sarafu. Nikatafuta kiungo, hakionekani. Nikapapasa, laini. Nikapapasa upande wa pili, laini vilevile. Nilikuwa nimekificha vizuri mpaka hata mimi niliyekificha sikijui kilipo. Ujuzi wangu mwenyewe ukanikaba koo!

Nikaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, kama nilivyokuwa nagonga ukuta kusikiliza plasta iliyoachia. Ko, ko, ko.

Pa! Kofi la mkono. Mama Sita.

"Fundi, usiguseguse keki za watu!"

"Mama, ua umelitoa!"

"Ua gani?"

"Mama, usinitanie, watu wanaingia kukata sasa hivi!"

"Nikutanie wewe kama nani? Toka hapo, wakwe wanaangalia."

Nilitamani kulia. Mtu kakusumbua wiki tatu, siku ya mwisho anaharibu kila kitu kwa ajili ya rangi, halafu anakukana usoni! Na pale kwenye nguzo meneja kasimama, kakunja mikono, anaangalia kama mwalimu wa zamu.

Nikakimbia jikoni. Mke wangu hakupoteza muda. Akachota kipande kwenye trei, akakitia kwenye sahani. "Wakate kule, walishane hiki. Kimbia!"

Nikapita katikati ya meza za watu, nikakanyaga gauni la mtu, nikatukanwa, nikafika mbele wakati mshereheshaji anahesabu, "Mojaaa! Mbiliii!"

Nikamnong'oneza bibi harusi, "Chukua hii. Hiyo mnayokata ni povu, ua limetoka."

Akaiangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Rudisha, fundi. Tutakula hii hii."

Nikajua hajanielewa. Nikataka kurudia.

"Tatuuu!"

Kisu kikaingia. Kwiiiiik!

Ule mlio unaujua, unaosisimua meno.

"Keki inaona haya!" mshereheshaji akaropoka, watu wakacheka. Bwana harusi akaanza kuvuta na kusukuma kisu kama anapasua mbao, vijidonge vyeupe vinamrukia kwenye suti. Mwisho wake kikatoka kipande, nje zambarau, ndani cheupe pe.

"Bwana harusi, mlishe mkeo!"

Bibi harusi akainua mkono. Akaomba kipaza sauti.

"Naomba tuanze na mama," akasema, taratibu, na ule upole wake. "Keki hii kaihangaikia yeye. Wa kwanza kuila awe yeye."

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele! Wengine wakaanza kufuta machozi, eti huyu ndiye mkwe.

Mama Sita akaletwa mbele, kashikwa mikono huku na huku. Akakiona kile kipande. Akanitazama. Akawatazama wakwe zake, wamekaa mstari wa mbele, wale aliowaambia kila ghorofa ina ladha yake.

Akafungua mdomo.

Mimi nilikuwa karibu, nilisikia povu likilia kwenye meno yake.

"Mama, tamu?"

"Tamu sana!"

"Ladha gani hiyo, mama?"

Akatafuna. Akatafuna tena.

"Va... vanila."

Makofi! Nikateleza pembeni, nikaingia jikoni, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamwambia mke wangu, "Kwisha habari yetu."

Haikupita muda mlango ukafunguliwa. Bibi harusi, gauni kalikusanya mkononi.

Nikasimama haraka. "Dada, nisamehe. Mama mkwe wako kalitoa lile ua. Nilimwambia, wallahi nilimwambia!"

"Nimelitoa mimi," akasema.

Mke wangu kisu kikamsimama hewani.

"Nilikuja kwako, fundi. Nikakaa. Ukaniambia nisubiri, unaongea na mwenye keki." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Basi leo nimemlisha mwenye keki keki yake."

Nikaisogeza ile ndoo akae, hakukaa.

Mke wangu akamkatia kipande kwenye trei, akampa na kitambaa asije akachafua gauni. Binti akala akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu aliyeshinda na njaa. Akasema, "Nzuri." Akafuta midomo, akarudi kwa wageni wake.

Nikasubiri meneja aje kutufukuza. Akaja kweli.

"Mama wa bwana harusi kanishika mkono," akasema. "Anasema tangu azaliwe hajala keki kama ile. Jumatatu njoo usaini."

Angesema nini tena, masikini? Akilalamika, siri inatoka. Ilibidi anisifie mpaka mwisho.

Kwa hiyo kazi niliipata. Mwaka mzima wa ukumbi, mbali na saruji, kifua changu salama. Nilipaswa kurukaruka. Badala yake siku mbili nilikuwa namfokea kila anayepita mbele yangu, kikombe kikigongana na sahani nafoka. Mke wangu akanivumilia, mwisho akasema, "Usijilaumu peke yako. Mimi nilimsikia yule binti vizuri siku ile aliyokuja, na mimi nikanyamaza."

Jumatano nikampigia yule binti. Nikamwambia nitamtengenezea, ghorofa moja, nyeupe, ya limau, hatoi chochote. Akitaka kesho, kesho. Hata leo jioni naweza kumletea mlangoni.

Akacheka kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Asante, kaka. Lakini siku yenyewe imeshapita."

Wewe unayefanya kazi ya sherehe za watu, ukiwa fundi keki, mshonaji au mpiga picha, nisikilize mimi niliyechelewa kujifunza. Anayekupigia simu kila saa siye mwenye siku. Mwenye siku huwa kakaa pembeni, anangoja umalize kuongea na wengine.

Siku hizi mtu akija kwangu kuagiza, namuuliza, mwenye sherehe yuko wapi? Akisema hana haja ya kuja, namwambia basi na mimi sina haja ya kuwasha jiko. Wananiita mkorofi. Mama mmoja aliniambia nina kiburi kama mwenye nyumba.

Waniite watakavyo. Yule binti aliolewa mara moja, na keki aliyoitaka siku hiyo hakuila.