Sifuri, Mara Kumi

Pikipiki ya yaya, kaka yangu mkubwa, ilikuwa na silinda moja, na kila ilipowaka ililia tik-tik-tik juu kwenye kichwa cha injini. Mtaa wetu wote pale Baraka uliisikia na hakuna aliyejali. Mimi ilinichoma. Huo ndio ugonjwa wangu: kiti kikikaa upande nitainuka nikinyooshe, barua ikiwa na kosa moja naichana yote. Yaya alipopiga kiki nilimkasirikia yeye, kana kwamba ndiye aliyekuwa akigonga kile chuma kwa makusudi.

"Yaya, hausikie ile makelele?"

"Inapanda mulima, inabeba ndagala. Unataka iimbe na wimbo, profesere?"

Aliniita profesere kwa dhihaka. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, kisha nikajifundisha Kifaransa peke yangu kwa kamusi isiyo na jalada.

Mwaka ule mfanyabiashara mmoja kule Fizi alitafuta mtu wa kupeleka barua zake kwa wanunuzi wa pamba kule Lulimba na Kilembwe. Alimwambia yaya aje Jumatatu, kabla jua halijafika utosini, ili yeye mwenyewe aione pikipiki na aisikie. Yaya alikuwa amechoka kunuka ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Aliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Mimi nilishika neno moja tu: aisikie.

Jumamosi, yaya akiwa ziwani kununua ndagala, nilikifungua kitabu cha pikipiki alichotuachia mzungu aliyeiuza. Kilisema kuna supapu mbili, yaani vile vilango viwili vinavyoingiza na kutoa hewa katika injini, na kwamba lazima kurekebisha *jeu* yake. Kamusi yangu ilisema *jeu* ni mchezo. Nikaelewa mara moja: supapu zinacheza, ndiyo maana zinalia, na mchezo hurekebishwa kwa kukomeshwa. Mbele yake iliandikwa 0,10. Shuleni sikufika kwenye namba zenye mkato. Nikasoma: sifuri, mara kumi.

Nilitoa kifuniko, nikalegeza nati, nikakaza skrubu mpaka pale kwenye supapu pasipite hata unywele. Nikapima. Nikapima tena, mara kumi kamili. Nilipoiwasha kidogo ilinguruma bila tik hata moja. Nilikaribia kulia kwa furaha. Sikumwambia yaya. Nilitaka agundue mwenyewe na aone haya.

Hakugundua. Jumatatu asubuhi nilipanda nyuma yake, maana mimi ndiye ningemsemea Kifaransa, tukaanza mlima wa kwenda Fizi. Kabla ya nusu ya njia injini ikakosa nguvu, ikapiga chafya, ikafa. Yaya akakanyaga kiki. Ikashuka laini kama mguu kwenye tope.

Akasafisha buji, ile plagi ya kutoa cheche. Akamtukana muuza esanse, yaani petroli. "Ametia maji, mwizi ule! Nikirudi atanijua."

Niseme ukweli: nilimwacha amtukane mtu asiye na kosa, tena na mimi nikatikisa kichwa kuitikia.

Kamio moja, lori la mizigo, ikashuka, shofere wake akasimama. Akaibonyeza kiki kwa mkono. "Haina pumuzi. Nani alifungua supapu?"

"Hakuna mutu," yaya akasema.

"Mimi," nikasema.

Yaya alinigeukia polepole. Nikamweleza shofere habari ya mchezo, na ya sifuri mara kumi. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari lake.

"Mutoto wa mama! Ile *jeu* haiko muchezo wa batoto. Ni nafasi. Chuma ikipata moto inarefuka. Kama haina nafasi, kilango hakifunge tena. Na ile namba, njo unene wa wembe." Akatoa wembe wa kunyolea mfukoni, akanipa. "Pitisha huu, uguse kidogo tu. Lakini ngoja ipoe kabisa, kama jiwe ya mutoni."

Akaenda zake akiwa bado anacheka.

"Fungua," yaya akasema.

"Iko moto."

"Fungua, nasema! Hauone jua?"

"Nikiipima ya moto itakuwa mubaya tena."

"Juzi haukuogopa kuharibu. Leo njo unaogopa?"

Nilificha funguo za nati nyuma ya mgongo. Nilimchukia yeye kwa haraka yake, nikachukia kitabu kilichoandikwa kwa watu wasio sisi, nikaichukia na ile kamusi iliyonipa maana moja ya neno lenye maana mbili. Yaya alikuwa na nguvu za kuninyang'anya. Hakuninyang'anya. Alikaa juu ya jiwe akanipa mgongo, na vivuli vyetu vikazidi kuwa vifupi.

Ilipopoa nikapitisha wembe, nikakaza nati. Kiki ya kwanza ikawaka. Tik-tik-tik.

Tulifika Fizi jua limeshapita utosi. Uani mwa mfanyabiashara, mtu mmoja wa kijiji cha Makobola alikuwa akifunga mfuko wa barua nyuma ya pikipiki yake iliyokuwa ikiunguruma, na pikipiki ile ililia kuliko yetu, tak-tak-tak, kama mtu anayetwanga sufuria. Mfanyabiashara alisimama mlangoni, akatega sikio kwa yetu, akasema maneno machache ya Kifaransa.

"Amesema nini?" yaya akauliza.

Ningeweza kufupisha. Lakini siwezi kuacha kitu nusu, hata kitu kama kile.

"Amesema kazi imepata mutu. Tena amesema ni huzuni, maana yetu njo inasikika muzuri."

Yaya akaniangalia. Akapiga kiki kabla sijapanda, akatoka uani peke yake. Nilisimama nikiisikia ikishuka mlima kuelekea Baraka, tik-tik-tik, kila pigo mahali pake, haikukosea hata moja. Kisha nikaanza kutembea.