Kanzu ya Mgeni wa Jumamosi

Chausiku alikuwa mshonaji wa kanzu za wanafunzi wa shule ya serikali mjini Morogoro. Alishona akiwa ameketi kwenye jamvi barazani, kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa mguu wake wa kulia ulipooza tangu utotoni. Kutoka pale aliiona milima ya Uluguru yote mbele yake, lakini njia za huko hazikuwa za mtu wa mkongojo. Kaka yake, Yunusi, aliishi huko juu kwa amri ya boma la serikali, na kwa miaka saba hakuruhusiwa kushuka mjini.

Yunusi alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule hiyohiyo. Mwaka wa vita vya Maji Maji alisimama mbele ya darasa, akaandika ubaoni siku ambazo baba za wanafunzi walilima pamba ya akida wa serikali, kisha siku walizobakiwa nazo za kulima mahindi yao wenyewe. Hakuongeza neno. Kabla ya magharibi hesabu ile ilikuwa imefika sokoni, na kesho yake askari walimpandisha mlimani.

Shule ilikuwa na desturi ya kumwalika mgeni kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, awaeleze wanafunzi kazi yake. Walikuwa wamekwisha kumsikiliza fundi wa reli na karani wa posta. Mwaka wa 1912 wanafunzi wakubwa walimwandikia mwalimu wao, Hatibu, wakimtaka Yunusi. Mji ukagawanyika. Wazee wengine walisema shule ya serikali si mahali pa kumleta mtu aliyefukuzwa na serikali. Wengine waliuliza vijana wanafundishwa kusoma kwa ajili gani, ikiwa hata mgeni wa kumsikiliza wanachaguliwa.

Chausiku alinunua kitambaa cha bafta, akaanza kukata kanzu ya kaka yake. Kipimo alikuwa nacho: uzi wenye mafundo, la mabega, la mkono na la urefu, alioutunza sandukuni miaka yote ile.

Kanzu ilikuwa imebakia kutiwa pindo Hatibu alipofika na karatasi mkononi. Kwa ukoo, yeye na Chausiku walikuwa watani.

"Bado hujafa, wewe kiguru?" alisema, akiketi.

"Nakungoja utangulie, nikushonee sanda fupi, miguu yako ipigwe na jua."

Hatibu alicheka, kisha akaikunjua karatasi. "Boma limekubali. Ila ndugu wa tumbo moja lazima amdhamini kwamba hatataja pamba wala akida. Akitaja, mdhamini atafungwa."

"Sasa aseme nini?"

"Awaeleze namna ya kujumlisha."

"Mwenyewe ameiona karatasi hii?"

"Bado. Ukitia dole gumba, nampelekea kesho. Jumamosi atakuwa hapa barazani, anakula huo wali wako mbichi."

Chausiku alijua kwamba Yunusi angekubali. Angeshuka, na yeye Chausiku angemwona akikunja mikono ya kanzu mara mbili kabla ya kunawa. Angeisikia tena sauti yake ikimwita Chau, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Kisha Yunusi angesimama mbele ya vijana wale akiyameza maneno yake, ili dada yake asifungwe.

"Rudi nayo, mtani."

"Miaka saba, Chausiku."

"Nimeihesabu mimi, si wewe. Wanafunzi wamemwalika Yunusi. Huyu wa kwenye karatasi simjui."

Jumamosi ile aliitwa tena karani wa posta. Jumapili, alfajiri, wanafunzi wanane waliaga kwamba wanakwenda mlimani kukata kuni. Kesho yake, baada ya masomo, mkubwa wao, Stambuli, kijana aliyekwisha kuota ndevu, alifika barazani.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba. Kuni mlizipata?"

"Tulizipata." Akainamisha kichwa. "Kaka yako alituandikia chini kwa kijiti, mpaka adhuhuri. Aliuliza kama bado unashona huku umeng'ata uzi."

Chausiku hakuuliza kaka yake aliandika nini. Alifungua sanduku, akaitoa kanzu.

"Simama hapa, ujipime nayo. Mabega yake yanafika wapi?"

Stambuli alibana kitambaa kwa vidole, pande zote mbili.

"Amekonda kiasi hicho?"

"Kiasi hiki. Na siku hizi anainama kidogo."

"Jumapili ijayo mtakwenda tena kukata kuni?"

"Tutakwenda."

Kijana alipoondoka, Chausiku aliuchukua uzi wa kipimo, akalifungua fundo la mabega na kulifunga upya, karibu zaidi. Kisha akaifumua mishono ya mabegani na ubavuni, tundu moja baada ya jingine ili bafta isichanike, akaanza kupunguza. Ilipofika zamu ya pindo, alilitia palepale fundo la zamani la urefu lilipoonyesha, kwa urefu wa mtu aliyesimama wima.