Damu ya Mbuzi wa Akika

Baba yangu mdogo ni mchinjaji hapa Bagamoyo, na hadi leo nikipita barazani kwake namwamkia kwa sababu tu mama ananitazama. Yeye huitikia marahaba huku akiangalia ukuta.

Ugomvi wetu ulianzia maabara. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya tiba ya mifugo, nakuza seli shina zinazotolewa kwenye uboho wa mifupa ya mbuzi. Seli hizo zikipata chakula kinachozifaa hujishikiza chini ya kisahani, zikarefuka na kugawanyika. Zikikikosa huelea kama punje za mtama, kisha hufa. Chakula chenyewe ni maji yenye chumvi, sukari na mengineyo, lakini hayatoshi mpaka yatiwe seramu, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Seramu yetu ilitoka ng'ambo, ya ndama ambao hawajazaliwa, na chupa ya mwisho ilifika imeharibika. Seli zangu zikaanza kufa, na shahada yangu ilikuwa njiani kuzifuata. Msimamizi wangu akasema nijaribu seramu ya mbuzi.

Mifupa baba mdogo alikuwa akinipa bila neno. Siku niliyokwenda machinjioni na chupa ya kukingia damu, aliipiga teke mbele ya wateja.

"Damu ya kuchinja ni najisi. Inamwagwa, haikingwi. Anayekinga damu ana lake jambo."

"Baba, mimi siinywi. Na hiyo tunayoletewa kutoka nje ni damu vilevile, tena ya ndama aliyetolewa tumboni."

"Hiyo sijaiona. Hii naiona."

Watu wakacheka. Nilimchukia pale pale. Alijua fika kwamba najisi ukiigusa unanawa, basi. Yeye mwenyewe hurudi nyumbani kila siku na damu mpaka viwikoni. Alichotaka ni watu walisikie lile neno ambalo hakulitamka, na kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa unasema mimi ni mchawi.

Uani kwetu alikuwapo beberu ambaye mama alimnunua kijijini Fukayosi kwa akika ya mtoto wa kaka yangu. Mama alimshika pembe, mimi nikamnyoa manyoya kidogo shingoni na kumchoma sindano kwenye mshipa, nikavuta damu ya kutosha chupa yangu. Mama aliuliza kama atadhoofika. Nikamwambia hapana, na kweli jioni yake alikuwa anakula maganda ya muhogo kama kawaida.

Kwenye visahani visivyo na seramu, seli zote zilielea zikafa. Kwenye vile vya seramu ya mbuzi zilijishikiza, zikajaa mpaka ikanibidi nizigawe. Nilikaa kwenye hadubini nikicheka peke yangu, na nikamtukana baba mdogo kwa sauti, maabara ikiwa haina mtu.

Asubuhi ya akika baba mdogo alikuja na kisu chake. Akamwinua beberu kidevu, akaona pale palipokuwa pamenyolewa.

"Huyu simchinji."

Kaka alimwomba. Nami nikamwambia kwamba ni sindano tu, kila daktari wa mifugo huichoma.

"Mmekwisha kumtoa damu kwa kazi zenu," akasema kwa sauti ya kuwafikia wageni. "Wewe ulichoma, mama yako akamshikia. Tafuteni mwingine."

Shemeji yangu, mke wa kaka, alimchukua mtoto akaingia chumbani na kufunga mlango. Kaka akakimbilia kwa jirani kutafuta mbuzi mwingine. Shughuli ikafanyika, pilau likaliwa, na hakuna aliyenisemesha.

Wageni walipoondoka, mama alinikuta uani.

"Hivyo vidudu vyako vimekua?"

"Vimekua, mama."

"Alhamdulillahi." Alifungua kamba ya beberu akanitia mkononi. "Basi mchukue huyu uende naye huko huko. Mimi nina mjukuu mmoja tu, na leo nimenyimwa kumpakata."