Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kila nikikaanga firigisi kwa vitunguu, harufu yake hunirudisha Gulfton, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya pili, mwaka 2018. Siku hizi nanunua pakiti nzima na tunakula mpaka tukinai. Wakati ule kuku alikuwa na firigisi moja, na hiyo moja ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe mnamjua: baba. Kwetu Bukoba mwanamke aliiosha, akaipika, akaipakua, lakini hakuionja. Sasa Baba alikuwa amemfuata Mama kaburini, tumebaki wanne, wasichana watatu na Mugisha. Mimi, wa kwanza, nilikuwa nimefikisha miaka kumi na minane. Huku huo ni utu uzima, ingawa bado nililala na mdoli chini ya mto. Nilikuwa nimeacha shule, nikifungasha mizigo ghalani.

Jumamosi moja Baba Mkubwa akaja kutoka Pearland. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba nyumba haikai bila mwanamume. Mugisha angekwenda kwake, sisi wasichana kwa Shangazi kule Sugar Land. Nikamwambia hatutengani. Akasema tule kwanza.

Nilipopakua, akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya Mugisha, mwanamume wa nyumba akiwa na miaka tisa. Mtoto aliing'ata kidogo, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kwamba ni kama kutafuna kiatu, akaihamishia kwangu. Baba Mkubwa akaweka kijiko chini. Akampigia simu mama yake, Bibi yetu wa Bukoba, ili anionye.

Uso wa Bibi ukajaa kioo chote cha simu. Alisikiliza shauri lile hadi mwisho, kisha akauliza ni nani anayewaamsha watoto kwenda shule.

"Dada," akajibu Mugisha.

Na anayewapikia?

"Dada."

"Basi firigisi ni yake," Bibi akasema. "Nyie huko mmebaki na Bukoba ya zamani. Huku mwenyekiti wetu wa mtaa ni mwanamke, na firigisi anakula. Hata mimi nakula."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ulipoondoka. Mwache mwenye nyumba ale, chakula kinapoa."

Nikala. Ilikuwa kiatu kweli, lakini niliimeza yote. Jioni Baba Mkubwa aliondoka bila mtoto hata mmoja. Mwezi uliofuata akarudi na kuku wawili, akiomba angalau firigisi moja iwe yake.

Mwaka 2019 nilikwenda Bukoba. Bibi alipika jogoo, akakata firigisi katikati, nusu yangu, nusu yake. Nikamuuliza majirani walisemaje alipoanza kuila. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Mjukuu wangu, siku ile nilikuwa sijawahi hata kuionja. Nilipokata simu nikajiona mwongo. Kulipokucha nikachinja jogoo."

Mwaka mzima nilidhani Bibi alitupa tu habari za nchi iliyokwisha kubadilika. Kumbe alisema neno kwanza, kisha akaenda jikoni kulitimiza.