Kabureta Mbili za Gari la Daktari

"Gari hili lina kabureta mbili. Utajuaje kwamba zote zinavuta hewa sawasawa?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Msimamizi wa Karakana asubuhi ya kwanza ya kazi yangu, kabla sijapewa hata ovaroli. Karakana ilikuwa ya serikali, Msambweni, miaka michache tu baada ya uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Nairobi, na shahada ya fizikia. Likizo zangu mbili za mwisho nilikuwa nimezitumia katika gereji moja ya huko, nikinakili kila kipimo nilichokiona katika daftari la jalada jeusi. Nilijua kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda, na ningeweza kuichora ubaoni na mishale yake. Lakini Msimamizi aliuliza nitajuaje pale pale, mbele ya gari linalonguruma. Nikamwambia inahitajika geji ya kupimia mvuto wa hewa. Akasema geji hatuna. Akamwita Fundi Mwakoyo.

Fundi Mwakoyo alikuwa mtu mfupi wa makamo kutoka Kikoneni. Ufundi aliupata akiwa utingo wa malori ya miwa, na masomo yake yaliishia madrasa. Alichukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, ncha moja akaitia sikioni, ya pili akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akasikiliza. Akahamia ya pili. Akageuza skrubu robo mzunguko, akarudi ya kwanza.

"Hii yapuliza kama anayepoza uji," alisema, "na hii kama aliyekimbia. Nangoja zipumue sawa."

Injini ikatulia, mtetemo ukaisha. Mafundi wengine wakanitazama wakicheka kimoyomoyo. Kuanzia siku ile waliniita Bi Digrii, na kuanzia siku ile nilimwonea Fundi Mwakoyo wivu ambao sikuwahi kumwonea mtu yeyote darasani.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, kuukuu tayari wakati ule. Mzungu mmoja wa shamba la miwa aliliacha alipofunga virago, na Daktari wa Wilaya akalinunua. Lilitengenezwa kwa ajili ya mbio, lakini Daktari alilifanya gari la kila siku: asubuhi zahanati za Diani, mchana Kwale mlimani, jioni kurudi Msambweni, juu ya barabara ya matumbawe yaliyosagwa ambayo wakati wa kiangazi ilipuliza vumbi jeupe kama unga wa muhogo. Gari la namna hiyo halikuombi matengenezo mara moja kwa mwaka. Linakuomba kila Jumamosi.

Ninyi mnaoanza kazi leo huchomeka waya garini na mashine ikawaambia ugonjwa. Sisi tulianza kwa kulaza mgongo chini. Adui wa kwanza alikuwa kutu, maana hewa ya huku ina chumvi, na gari likivuka bahari kwa feri ya Likoni mara kwa mara chesi, yaani fremu inayobeba kila kitu, huliwa kimyakimya. Fundi Mwakoyo aliipaka sifa, mafuta yale yale ya papa ambayo mabaharia hupaka vyombo vyao. Nilihoji, kama nilivyohoji kila jambo. Nani amepima? Kwa muda gani? Akajibu kwamba jahazi la babu yake mzaa mama lilipakwa sifa na lilikuwa bado linaelea. Nikasema jahazi ni mbao na gari ni chuma. Akacheka, akaendelea kupaka. Harufu ilikuwa kali kiasi kwamba muuguzi wa Daktari alikataa kupanda gari siku tatu, lakini miezi sita baadaye nilikwangua chesi kwa bisibisi nikitafuta kutu ili nimshinde, nisiione.

Mimi pia nilijaribu ya kwangu. Nilikata koili moja ya springi za mbele ili gari likae chini na kushika kona vizuri. Kwenye lami lingeruka kama paa. Kwenye barabara ya Lunga Lunga lilirudi limeng'oa bomba la moshi kwa jiwe. Msimamizi hakunigombeza. Alimwambia tu Mwakoyo arudishe springi, naye akarudisha, kisha akakata bati la pipa na kulifunga chini ya injini likawa kinga. Heri angenicheka. Alisema, "Mwanangu, wazo lako zuri, barabara ndiyo mbaya." Jioni ile sikula.

Mwaka wangu wa pili mahoteli yalianza kuongezeka Diani, na ikaamuliwa lifunguliwe tawi la karakana Ukunda. Msimamizi alituita ofisini, mimi na Mwakoyo, akatuambia mmoja wetu ndiye atakayelisimamia.

"Sitaki vyeti na sitaki umri," alisema. "Gari la Daktari nalitazama. Miezi mitatu, kwa zamu, binti aanze. Atakayelifanya liende kwa nguvu na lisisimame njiani, huyo."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nyumbani kwetu hakuna aliyeamini kwamba binti anaweza kuishi kwa spana. Baba alikuwa ameshanitafutia nafasi ya ualimu. Tawi la Ukunda ndilo lingekuwa jibu langu kwake. Nikafungua daftari jeusi.

Humo nilikuwa nimenakili namna ya kuongeza nguvu ya injini ya aina ile ile kwa kupunguza hedi. Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, zinapoingia plagi. Ukikikwangua kidogo chini yake, chumba cha moto hubana zaidi, mchanganyiko wa petroli hugandamizwa zaidi, na mlipuko husukuma pistoni kwa nguvu zaidi. Kipimo nilikuwa nacho. Nikaipeleka hedi Mombasa kwa mwenye mashine, ikakwanguliwa kama daftari lilivyosema, nikaifunga mwenyewe kwa gasketi mpya, nikapanga wakati wa cheche za plagi kama daftari lilivyosema.

Gari liliruka. Daktari alirudi kutoka Kwale akitabasamu, akasema amelipita basi mlimani, gari likiwa bado na pumzi ya kupita lingine. Mafundi waliacha kuniita Bi Digrii kwa juma zima.

Siku ya nane Fundi Mwakoyo alisimama kando ya gari, injini ikiunguruma, kichwa amekiinamisha.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia, maana alikuwa hajaniona.

"Marahaba, mwanangu. Lagonga hili."

"Halijagonga kitu."

"Ndani. Kama kokoto katika debe. Likipanda mlima litagonga zaidi."

Nilisikia, msidhani sikusikia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kukwaruza, unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia. Nikamwambia hiyo ndiyo sauti ya injini yenye nguvu, na kwamba asiyezoea nguvu huidhania ugonjwa. Akanitazama kidogo, akaenda zake kuswali adhuhuri.

Kesho yake Daktari alilalamika kwamba gari limepungua mbio. Nikafunua boneti. Kwenye shingo ya distribyuta, chombo kinachogawa cheche kwa plagi, kulikuwa na alama mpya iliyochorwa kwa ncha ya msumari, na distribyuta yenyewe ilikuwa imezungushwa kidogo ili cheche zichelewe. Nilijua mkono wa nani. Niliona mtu anayetaka kuninyang'anya Ukunda kwa ncha ya msumari. Nikairudisha nilipoiweka, nikakaza, na sikumwambia mtu.

Siku ya nne baada ya hapo Daktari aliitwa Kwale kwa mama aliyekuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake. Katikati ya mlima injini ililia kama sufuria iliyotupwa sakafuni, ikatoa moshi wa buluu, ikafa. Daktari alipanda lori la makaa na mkoba wake magotini. Alifika. Mama alipona na mtoto alipona, kwa rehema za Mungu, lakini Daktari aliporudi hakuwa na tabasamu.

Gari lilivutwa hadi karakana. Tulifungua hedi mbele ya wote. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, duara safi, kama tundu la senti kumi ya zamani. Msimamizi aliishika kiganjani, akachungulia ndani ya tundu lile, kisha akaenda kutazama distribyuta.

"Alama hii ya msumari ya nani?"

"Si yangu," nilisema.

Lilikuwa neno la kweli. Alimgeukia Mwakoyo.

"Mzee, umegusa?"

"Nimegusa."

"Bila kumwuliza mwenye kazi?"

"Bila kumwuliza."

Kisha Mwakoyo alinitazama. Hakuwa na hasira. Alingoja. Alijua kwamba distribyuta haikuwa tena pale alipoiacha, na alijua mkono ulioirudisha. Neno langu moja lingetosha. Nilitazama sakafu, palipokuwa na bolti kumi za hedi nilizozipanga kwa mstari, nikazihesabu mara mbili.

Juma lililofuata alipelekwa Lunga Lunga kutunza magreda ya barabara. Mimi nilipelekwa Ukunda.

Mtadhani wivu uliisha, kwa kuwa nilishinda. Haukuisha. Tawi langu lilikuwa na jeki mpya, benchi jipya, na mafundi vijana wa bara walioniita Madam. Nilitia pistoni mpya katika gari la Daktari, nikarudisha hedi ile ile na vipimo vile vile, na zile kokoto zikarudi katika debe. Mwezi mmoja baadaye gari lilipita barabara kuu mbele ya karakana yangu likitoka kusini. Sikuhitaji kuinua kichwa. Injini ilikuwa inapumua kwa utulivu, bila kugonga, na nguvu yake yote ilikuwapo. Nilisimama na spana mkononi hadi sauti ikapotelea upande wa Tiwi.

Nilipomwona Daktari nilimwuliza, kwa adabu, kama ana wagonjwa Lunga Lunga siku hizi. Alisema ana shughuli huko. Nikauliza shughuli gani. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya.

"Mzee hunisikilizia," alisema.

Miaka kumi na mmoja Daktari alikwenda hivyo, kila mwisho wa mwezi, akiliepuka lango langu. Hakunisema vibaya kwa mtu. Kila jambo jingine la magari ya idara alinipa mimi, na aliponiandikia barua ya sifa nilipopandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Magari, aliandika kwa ukarimu. Niliisoma barua ile nikiwazia mpira wa maji na sikio la mzee.

Fundi Mwakoyo alifariki Kikoneni, akiwa amestaafu. Nilikwenda matangani. Niliketi mkekani na wanawake, nikala wali wa msiba, na mjane wake alinishika mkono akaniambia marehemu alikuwa akinitaja. Alisema alijivunia kwamba binti wa Kidigo ndiye anayekagua magari ya wilaya nzima. Sikujua niyaweke wapi maneno hayo. Nje, chini ya jua, lilikuwa limeegeshwa gari jekundu, rangi imepauka, chesi nzima. Hata pale, nawaambia ukweli, niliona wivu. Mtu amezikwa, na mimi nilikuwa nikiwaza kwamba injini ile ingewaka kwa mzunguko mmoja tu.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Nilifunza vijana, wa kike pia, na niliwafunza kutumia mpira wa maji, nikisema ni njia ya zamani, bila kusema ya nani. Wakiniuliza ni kitu gani hasa huharibu fundi, nilikuwa nikiwajibu uvivu. Sasa nimestaafu na nina muda wa kujibu vizuri zaidi. Mimi nilihoji sifa ya papa, nilihoji sikio la mzee, nilihoji mpaka amri za Msimamizi. Daftari jeusi sikulihoji hata siku moja, kwa sababu lilikuwa langu.

Juma langu la mwisho kazini niliombwa kupanga kabati la vitabu vya idara ili vikabidhiwe. Nyuma ya rafu, kimeliwa na mchwa pembeni, kulikuwa na kitabu cha matengenezo cha aina ile ya gari. Nilikifahamu. Kule Nairobi nilinakili kutoka kitabu kama kile, ukurasa kama ule, nikiwa na haraka. Vipimo vya ukurasa ule viko katika safu mbili, na mimi nilinakili ya kushoto tu. Ya kushoto ni ya miji ya nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na injini hubanwa zaidi bila madhara. Ya kulia ni ya pwani, ambako hewa ni nzito. Humo, mbele ya neno hedi, imeandikwa: isikwanguliwe.