Upepo wa Katesh ni wa Bure

Mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi na saba, ukame ulimaliza ng'ombe wa baba kule uwandani, nikaja Katesh kubeba magunia. Shule niliishia darasa la tatu. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema ujue kwamba nyumba ya wageni niliyojenga serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi haikutoka kwa mjomba.

Nyumba ilikuwepo, wageni hawakuwepo. Madereva wa malori ya Singida walishatupa jina, Kwa Upepo. "Kwa Upepo hulali, bati linakuimbia mpaka asubuhi." Wanakunywa chai, wanasogea mpaka Babati. Wazungu wa kupanda mlima ulio juu ya mji wetu nao wakaambiwa hivyo hivyo. Nikajua msimu mmoja zaidi wa namna ile, narudi kwenye magunia, na mgongo umeshachoka.

Tulipopata mkoa wetu wa Manyara, wafanyabiashara wa mtaani tukakaa kutafuta jina la kuvuta wageni, liandikwe kwenye kibao pale mabasi yanaposimama. Mwenye duka la vitambaa, mtani wangu, ambaye baba yake alitokea Kondoa, akasema tuandike Arusha Ndogo.

"Mgeni akishuka kofia ikaruka," nikamwambia, "atakuuliza hii Arusha gani."

"Sasa wewe mchunga ng'ombe unataka tuandike nini? Karibuni mpeperushwe?"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikawaambia kwetu ng'ombe anaitwa kwa alama yake. Mwenye sikio lililochanika anaitwa kwa sikio hilo hilo, hatumsitiri. Akipotea, mtu yeyote atamtambua na kumrudisha. Ukimwita kwa jina la ng'ombe wa jirani, atalala kwa jirani.

"Mji si ng'ombe, mzee," akasema mtani wangu.

Wakanyoosha mikono, Arusha Ndogo ikapita. Sawa. Ukuta wa nyumba yangu ni wangu. Kwanza nikapigilia bati upya, nikaweka dari na blanketi mbili kila kitanda, maana sipendi kumdanganya mtu. Halafu nikanunua rangi nikaandika mwenyewe, herufi kubwa: KATESH. UPEPO NI BURE. Herufi moja imepinda mpaka leo.

Wapanda mlima wawili wakasimama kuupiga picha ule ukuta, wakalala kwangu. Wenzao wakaja wakiuulizia. Madereva wakaanza kuambiana, "Leo nalala Upepo ni Bure." Arusha Ndogo hakuna aliyeitamka, hata waliopiga kura.

Siku moja mtani wangu akaja, mikono nyuma.

"Haya, mchunga ng'ombe. Niandikie na mimi."

"Nikuandikie nini? Arusha?"

"Usinitese bwana. Andika upepo. Nimeleta mablanketi ya kuuza dukani."

Nikamwandikia, na nikamcheka wakati naandika.

Leo nina nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne. Shamba la ngano kule Gitting. Trekta moja. Ng'ombe zizini, mmoja ana sikio lililochanika. Na ukuta ule, ambao rangi yake naipaka kwa mkono wangu.