Lori la kijiji liliungua injini, tukaliosha kabla mkaguzi wa bima hajafika

Wakuu, natumaini mchana unakwenda vizuri.

Jana mwenzetu aliuliza humu kama bima inalipa gari likiungua injini. Nilicheka peke yangu hapa Sirari, nimekaa kwenye benchi nasubiri usafiri, maana jibu lake nililipata nikiwa binti wa kidato cha pili. Leo nina hamsini na kitu na sijalisahau.

Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Ni enzi za vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu, upande wa Ikoma, kilikuwa na lori moja tu, zee, la petroli. Mwenyekiti wetu, Mzee Wambura, alilikatia bima kubwa. Watu wakamcheka kwamba amenunua karatasi.

Msimu wa pamba, ghala limejaa hadi mlangoni na mawingu yameanza kujikusanya, injini ikashika moto kwenye mwinuko. Dereva Chacha akauzima kwa mchanga. Alitoka salama, ila nyusi zilibaki huko.

Fomu ya bima ilikuwa ya Kiingereza. Nilikuwa nyumbani likizo, nikaijaza mimi. Niliandika kila kilichoungua, nikasaini kama shahidi, kifua mbele.

Jibu likaja: mkaguzi anakuja kuliona gari.

Sasa wakuu, hapa ndipo tulipoharibu.

Kwetu mgeni haonyeshwi uchafu. Kina mama walitoa sabuni zao za akiba, na miaka ile sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama, wakasugua lori lote hadi injini. Vilivyoungua Chacha akavifungua, watu wakajichukulia. Mimi nilisugua matairi, tena nikiimba.

Mkaguzi, bwana mmoja mfupi kutoka Musoma, alilizunguka lori mara mbili.

"Ndugu Mwenyekiti, moto uko wapi?"

"Tulishauzima, ndugu."

"Mimi naona gari safi lililofunguliwa vipuri, na ndivyo nitakavyoandika. Fomu hii aliijaza nani?"

Wote wakanigeukia.

Nilielewa papo hapo. Akiondoka hivi, pamba inaozea ghalani, na mimi nimesema uongo kwa maandishi.

"Shikamoo mzee. Naomba saa moja."

"Marahaba. Saa moja, si zaidi."

Nilikimbia, wakuu. Enzi zile hakuna chuma kilichotupwa, kila kitu kilikuwa na kazi mpya. Taa ya mbele niliikuta kwa jirani inapimiwa mtama. Waya zilikuwa bangili mikononi mwa wasichana watatu. Kabureta niliitafuta nyumba kumi, kumbe inazuia mlango wa ofisi ya Mwenyekiti mwenyewe. Boneti ilikuwa mlango wa banda la kuku la Bibi Ghati, nikaing'oa bila hodi.

Tukavipanga kwenye nyasi, kila kimoja mahali pake, kama injini iliyolala chali. Mkaguzi akachuchumaa. Akanusa waya, akalinganisha boneti na kingo za gari.

Mwisho akaokota kipande cha mpira wa kupitisha petroli.

"Huu ulichakaa, ukavuja juu ya ekzosi. Bima hailipi uchakavu, huu mtanunua wenyewe. Vilivyoharibiwa na moto, tunalipa."

"Mpira tu?" Chacha akauliza. "Hata leo nanunua."

Akaandika hapo hapo kwamba fundi Salum wa Mugumu aanze matengenezo. Pamba yote ilitoka, safari ya mwisho ikifukuzwa na mvua.

Lakini siku ile, kabla mkaguzi hajafunga mkoba, Bibi Ghati akatokea na manyoya mkononi.

"Nguchiro ameingia bandani mchana kweupe. Mlango wangu mnao ninyi. Kuku naye bima inalipa?"

Mkaguzi akapekua karatasi zake taratibu, uso mkavu.

"Bibi, kuku alikuwa ndani ya gari?"

"Alikuwa nyuma ya boneti."

Hapo hata mkaguzi alikaa chini kwa kicheko. Mzee Wambura akampa bibi tetea wake, na boneti ikarudi bandani.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: kama una bima kubwa, moto unalipwa, uchakavu haulipwi. Bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu, hailipii gari lako. Na likiungua usioshe, usifungue hata nati, piga picha, toa taarifa, msubiri mkaguzi na masizi yako.

Wanaofanya kazi za bima nirekebisheni nilipokosea. Na kama humu yupo aliyewahi kulipwa kuku, aje atueleze alijaza fomu gani.